Mkosaji Ndiye Huanza Kunywa

Hyattsville, 4 Februari 2007

Dunstan,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiitikia, itikia kwa sauti, maana ni muda sijakusikia. Mimi mzima, ila magoti. Mkamwana wangu Edna mzima, Jacqueline wake mzima, anakohoa tu kwa hii baridi yenu. Habari zako sizijui, namba ya simu umebadilisha. Anwani hii nimepewa na Leokadia wa jumuiya, aliyekuona huko Shaw ukiburuta mapipa ya bia.

Toka hapa hadi kwako ni basi na treni, nami nakuandikia kama mtu aliyeko Ulaya. Aibu ni yako, stempu ni yangu.

Baba yako mdogo Anatoli anaumwa. Si mafua. Ni kansa ya kongosho. Hospitali wamemrudisha nyumbani, nesi anakuja kumpa dawa ya maumivu, na mtu akirudishwa hivyo unajua mwenyewe maana yake. Yule aliyekuwa anabeba makasha ghalani Landover, sasa namgeuza mimi kitandani, mimi niliyemzaa.

Nakukumbusha ulichofanya, maana vijana mnasahau. Komunyo ya kwanza ya Jacqueline, wageni wamejaa. Anatoli amekupa bia ya kopo kama alivyowapa wote. Ukaonja, ukaenda kuimwaga mbele za watu, ukasema huu ni mkojo wa punda. Kisha ukasimama kama mwalimu, ukawafundisha wageni wa mwenzio jinsi bia za Waayalandi zilivyo tamu. Mtu aliyekulea baba yako alipokufa. Mtu aliyekuleta Amerika. Akakwambia toka, ukatoka, na hujarudi.

Njoo uombe msamaha. Yeye hawezi kukufuata, na hata angeweza nisingemruhusu.

Bibi yako


Shaw, 12 Februari 2007

Shikamoo Bibi,

Nimeitikia kwa sauti, hadi ninayekaa naye akafungua mlango kuuliza kuna nini. Mimi mzima. Habari ya baba mdogo nimeisoma nimekaa kwenye ngazi.

Bibi, siku ile nilikosea namna ya kusema. Lakini sikusema uongo. Hapa baa ya Waayalandi tunafundishwa kuonja kabla ya kumuuzia mtu, na ukishajua huwezi tena kujifanya hujui.

Nakutumia kasha kwa mkono wa Leokadia. Zote zimetoka viwanda vidogo vya Ayalandi, dukani kwenu hazipo. Ile nyeusi ina ladha ya kahawa na shayiri iliyoungua. Nyekundu ina ladha kama sukari guru. Ya dhahabu ni chungu, inanukia maua. Chupa moja ni karibu bei ya kreti la zile za baba mdogo. Wapo wanaosema tunalipia karatasi ya kwenye chupa tu. Wewe umepika mbege ya ndizi kwetu Kilema maisha yako yote, na baba alisoma kwa mbege hiyo. Onja, uniambie kama bei si halali yake.

Mwambie baba mdogo ni zake, na kwamba namwomba radhi. Namba yangu ya simu iko hapo chini.

Mjukuu wako,
Dunstan


Hyattsville, 19 Februari 2007

Dunstan,

Hatujambo, isipokuwa aliye kitandani. Kasha lako limefika.

Umeuliza, nakujibu, maana pombe siisingizii. Ya dhahabu ni dawa ya malaria, anayeilipia ana fedha za kuchezea. Nyekundu ni ya watoto. Nyeusi ni nzuri. Imepikwa na mtu asiyeondoka kwenye moto wake, na bei yake ailipe anayeweza. Umefurahi? Sasa sikiliza.

Nilimfikishia Anatoli maneno yako. Akazitazama zile chupa zilivyopangwa kwenye meza ya dawa, akasema, "Mama, kaniletea tena somo." Akageukia ukutani.

Huo ndio ujinga wako. Umemdharau mtu kwa bia hizo, halafu unamwomba radhi kwa bia hizo hizo. Tena chupa kila mtu anashika yake, anakunywa peke yake kama mgonjwa wa kifua kikuu. Kwetu pombe ya msamaha ni chombo kimoja. Mkosaji anakuja na jani la isale mkononi. Anaanza yeye kunywa, anampa aliyemkosea, naye akinywa yamekwisha. Haitumwi kwa Leokadia. Ungeleta ya bei ya ng'ombe, kama mdomo wako haupo ni bure.

Zamani nilikuwa nakuita mume wangu. Mume gani huyu anayeogopa kupanda basi?

Mbege nitapika mimi. Ndizi ziko kwa Wasalvador, ulezi uko kwa Wahindi. Msesewe wa kuitia uchungu sina, gome lile halijafika Maryland. Isale nimeliona kliniki, wamelipanda kwenye chungu kama pambo, Wamarekani hawajui walichonacho. La kwako utalitafuta mwenyewe.

Simu yako sitaipiga. Maneno ya simu yanapita, haya utayarudia. Kwaresima inaanza Jumatano, na dhambi ya kupika pombe nitaiungama mimi.

Bibi yako


Shaw, 28 Februari 2007

Shikamoo Bibi,

Mgonjwa ameamkaje? Mimi naendelea.

Sina la kujitetea. Nilidhani kumpa mtu kitu kizuri kuliko vyote ninavyovijua ndiyo heshima yenyewe. Sikufikiri angeona narudia kumdharau.

Isale nimelipata duka la maua, mti mzima na chungu chake. Nimeuweka dirishani. Ninayekaa naye ameuliza ni mti gani, nikamwambia ni wakili wangu.

Niambie siku, nitakuja. Je, huwa ananitaja?

Mjukuu wako,
Dunstan


Hyattsville, 8 Machi 2007

Dunstan,

Salamu zako nimempa. Hakuitikia, ila hakugeukia ukutani.

Unauliza kama anakutaja. Jana aliniuliza kama bado unavaa lile koti jembamba kwenye theluji hii. Ndiyo kutaja kwake, ulitaka akuimbie?

Ndizi nimeshazichemsha, zimo kwenye ndoo bafuni. Jacqueline anaoga ameziba pua, ananisema kwa Kiingereza akidhani sielewi. Ulezi unaota juu ya kipasha joto. Kata ya kunywea sina, tutatumia bakuli la supu. Nesi amesema mgonjwa apewe anachotaka, na mwenyewe uji unamshinda, lakini kila asubuhi ananiuliza, "Imefikia wapi?"

Itaiva Jumamosi, tarehe kumi na saba. Mbege haingoji mtu, unajua. Kesho yake ni kali, keshokutwa ni siki. Na yeye vilevile hangoji.

Njoo Jumamosi.

Bibi yako


Shaw, 13 Machi 2007

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii itakufikia kabla ya Jumamosi.

Bibi, Jumamosi hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, siku ya Waayalandi. Hapa watu watapanga foleni tangu asubuhi hadi kona ya barabara. Meneja amenipa meza yangu mwenyewe, niwaonjeshe wageni bia mpya na kuwaeleza ladha ya kila moja na kwa nini ni ghali. Katika wafanyakazi wote amenichagua mimi. Nilimwomba ruhusa, akasema nikikosa siku hiyo nisirudi.

Nitakuja Jumapili asubuhi, kabla ya misa. Ni siku moja tu. Mbege ya siku ya pili si bado inanyweka? Mwambie baba mdogo naja na isale.

Mjukuu wako,
Dunstan


Kilema, 15 Aprili 2007

Dunstan,

Huku mvua inanyesha, migomba imeshiba, tuliobaki hatujambo. Anatoli tumemlaza kihambani petu, chini ya migomba, kando ya baba yako.

Nilitaka nikwambie haya usoni. Jumapili ile Jacqueline alikuona dirishani, umesimama ng'ambo ya barabara unatazama magari ya waombolezaji. Hukuvuka. Kanisani, kwenye misa ya kumuaga kabla hatujamsafirisha, nilikuona nyuma kabisa, jani limechomoza kwenye koti. Nilipogeuka tena hukuwepo. Basi utayasoma.

Jumamosi aliniomba nimwogeshe. Akataka shati, Edna akamvalisha, tukamkalisha kwa mito. Barua yako ilikuwa imefika, nikamsomea. Nikamwambia, Dunstan anakuja kesho. Akasema, "Sawa." Akaangalia mlango hata hivyo.

Mchana pumzi ikabadilika. Edna akakupigia simu. Ikalia mpaka ikachoka. Akapiga tena. Safari hii ikafunguka, nadhani mfukoni mwako, tukasikia muziki na watu wanaimba na vicheko. Edna akaita, "Dunstan, Dunstan." Waliendelea kuimba. Anatoli alikuwa anasikia yote, simu ilikuwa kwenye shuka lake.

Akaniambia, "Mama, lete hiyo pombe."

Nikamwambia haifai, mkosaji ndiye huanza kunywa.

Akasema, "Huyo yuko kazini. Nitaanza mimi."

Nikamshikia bakuli. Midomo ililowa, kidogo kikamezeka, kingine kikamwagikia shati. Akaionja hasa, unavyomjua. Akasema, "Imekosa msesewe." Nikamjibu, hata mimi najua. Akasema, "Iliyobaki mtunzie." Baada ya hapo hakusema neno tena, na giza halikumkuta.

Nikakutunzia. Jumapili ilikuwa kali. Jumatatu ikawa siki, na watu wa msiba walikuwa wanahitaji bafu. Nikaibeba mwenyewe nikaimwaga chooni.

Hapa wazee waliniuliza, yuko wapi mtoto wa kaka yake, wa kutupa udongo? Nikasema yuko kazini. Hawakuuliza ni kazi gani, wakampa udongo mtoto wa jirani.

Sitaki uende unawaambia watu kwamba Anatoli alikufa na kinyongo nawe. Alikunywa, na mimi ndiye niliyeshika bakuli. Yako na yeye yamekwisha, upande wake.

Lakini mimi ni mama yake, na nilikaa pale nikisikia nyimbo za wageni wako. Amerika sirudi tena. Ndizi ziko hapa, ulezi upo, msesewe uko pale mtoni. Ukija, utapika wewe, nami nitakaa nikutazame, na usinieleze ladha.

Anatoli alikunywa. Mimi bado sijanywa.

Bibi yako