Mwenyekiti wa Vijana Ana Miaka Arobaini na Miwili

Kwa kaka yangu Oluoch,

Pokea salamu zetu kutoka huku ziwani. Natumai huko Muhoroni shemeji na watoto hawajambo, na ule mgongo wako umepata nafuu tangu uache kupakia miwa. Sisi ni wazima, ila simba yangu, ile nyumba ya ujana niliyojenga baba akiwa hai, inavuja, na Aoko amechoka kukinga maji kwa sufuria. Usishangae kwamba nimeandika na simu iko. Haya mambo kwa simu ningekata katikati.

Kaka, nimechanganyikiwa. Unajua nimekuwa mwenyekiti wa vijana wa ufuo wetu tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Mwezi uliopita chifu wetu mpya, Mama Debra, alituletea mradi wa kufundisha vijana kufuga samaki kwenye vizimba. Huyu mama si wa maneno matupu. Alitupa chumba cha kukutania, akawabembeleza wazee mpaka wakatuachia sehemu ya ufuo. Lakini akasema sharti ni moja: viongozi wa kikundi wawe chini ya miaka thelathini na mitano, la sivyo mradi unaenda ufuo mwingine.

Mimi kwenye fomu nikajaza miaka thelathini na minne. Haki ya Mungu, sijui nilikuwa nafikiria nini. Winny, katibu wetu, aliitazama ile fomu, na mamake nilisoma naye darasa moja! Akaikunja tu, akaipeleka kwa chifu.

Juzi kwenye baraza afisa wa mradi akasoma majina na miaka. Alipofika kwangu, watu wakaguna. Nikamwona Winny ameinamisha kichwa, nikajua huyu msichana atanyamaza mpaka wenzake wote wakose vizimba, kwa sababu ya kuniheshimu mimi. Nikasimama, nikasema nina arobaini na miwili. Lo, walicheka! Mama Debra hakucheka. Alikata jina langu, akawauliza vijana wanamtaka nani, wakamtaja Winny. Kisha akanishukuru kwa miaka yote hiyo, akaniambia sasa nikakae na wazee.

Nikaenda. Mzee Ogola akaniuliza polepole lango la boma langu liko wapi. Nikainuka, maana mtu anayelala kwenye simba hajaweka boma, atakaaje na wazee? Nikarudi kwa vijana, wakaniletea kiti kama mgeni. Basi nikasimama katikati mpaka baraza likaisha. Mpaka leo sielewi mimi ni nani. Mtu akiita mwenyekiti nageuka, halafu nakumbuka, naona haya.

Aoko anakulaumu wewe. Anasema mdogo hawezi kuweka boma kabla ya mkubwa wake, na mkubwa amenogewa na Muhoroni. Wazee nao wanasema hivyo hivyo. Nikiwasikia, nashika njia ya ziwani.

Omera, ndugu yangu, ile barabara haipo. Hakuna aliyekuja kupima shamba. Uliponiambia miaka sita iliyopita kwamba unakuja kujenga, nilikudanganya kwamba serikali imeweka alama za barabara hapo baba alipokuonyesha ujenge. Niliogopa. Ukijenga wewe, zamu ni yangu, na nikitoka kwenye simba nani ataniita kijana? Nilipenda kile kiti kuliko boma lako. Umekaa nyumba ya kupanga miaka sita kwa uongo wangu. Nisamehe. Kama huwezi, nitukane, lakini uje.

Mzee Ogola amekubali kusimama mahali pa marehemu baba siku utakapoweka boma, na jogoo wa kuingia naye nimeshapata. Winny anataka vijana wake waje wakuchimbie mashimo ya nguzo, na amenituma nikuulize siku.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hasa shemeji, ambaye sijui nitamtazamaje.

Ni mimi mdogo wako,
Byron Okinyi

Hapo chini ya jina mkono ulikuwa umeshaandika "Mwenyekiti". Nimekata.