Bismillahi ya Riyadh

Shoga, uko wapi? Sina mbavu!

Kaka yangu Riyadh karudi nyumbani Lewisham kutoka Marekani mikono mitupu. Mwaka mzima anatoboa matakia ya Mama kwa mishale, eti anakwenda kuwinda kulungu mkubwa kama ng'ombe! Mama keshasafisha friza, kaalika na jamaa.

Basi kulungu katokea, kasimama karibu kabisa. Riyadh kavuta upinde. Nyama lazima iwe halali, si ndiyo? Kapiga BISMILLAHI kwa sauti ya adhana. Kulungu huyoooo!

Kwa SAUTI, shoga!!

Mama kamuuliza mbele ya wageni, "Kwani ungenong'ona, Mungu asingesikia?"

Riyadh kanyoosha mkono kwenye paja la kuku.

Mama tena, "Na huyo mpigie bismillahi polepole, asije akakimbia."