Taa Iliyozimika Kwenye Meli ya Khasandi

Kwako Mama mpendwa, Iguhu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyekupa nguvu ukashika kalamu ukaniandikia. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua imesaidia, ama bado unateremka mtoni ukishikilia miti? Na mahindi ya shamba la chini, mvua imeyaacha yamesimama? Mimi huku Mombasa niko hai. Nalisema hilo mbele ya mengine yote kwa sababu hapo nyumbani kuna mtu mmoja ambaye halijui. Niko hai Mama, nakula, nafanya kazi, hata ile homa imeniacha.

Barua yako niliipokea tukiwa kazini. Niliifungua nikiwa na gundi vidoleni, nikasoma mpaka pale ulipoandika kwamba mwanangu Khasandi alikuletea wembe wewe bibi yake akasema, "Kukhu, ninyoe." Nikadhani ni mapunye, kama wewe ulivyodhani. Ukasema ulimkalisha kwenye kigoda ukamnyoa kichwa chote, naye akatulia, yeye ambaye anakimbianga hata kitana. Ulipomaliza akajipapasa kichwa akakuuliza, "Sasa mama amezikwa?"

Mama, niliketi chini kwenye vumbi la mbao.

Najua alikotoa neno hilo. Alikuwa mgongoni mwako kwenye matanga ya Senge Muhonja, dada ya marehemu Baba. Aliona moto wa uani ukiwaka usiku na mchana, kisha siku ya kunyoana ukaachwa uzimike, watu wakanyolewa, wakaambiana sasa basi, amekwenda. Halafu taa ya ile meli ndogo ya mbao niliyomletea Krismasi nayo ikazimika. Angewaza nini kingine? Ni mimi niliyemwambia Krismasi, "Ukiona mwanga kwenye dirisha, ujue mama yuko ndani anafanya kazi." Lilikuwa neno la kumtuliza alale. Na wewe ukaliendeleza kila jioni, "Haya, msalimie mama, sasa ulale." Sikulaumu. Wewe ulikuwa na mtoto analia, na mimi sikuwepo.

Unasema ulimtuma kaka yangu Shikuku dukani alete mawe mapya ya tochi, akayatia, na bado meli haikuwaka. Unaona ni ishara. Si ishara Mama, ni kazi yangu mbaya. Ngoja nikueleze, maana sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya huku.

Hapa kwenye karakana ya Mzee Athmani, meli ndogo za mapambo hunifikia zikiwa zimeshachongwa, tupu kama ganda la njugu. Zikiisha huwekwa ndani ya vioo kwenye ofisi na hoteli. Mimi natoboa madirisha. Ndani napaka rangi nyeusi, halafu nyeupe juu yake, kwa sababu mbao ni nyembamba, na bila hiyo mwanga hupenya ubavuni, meli nzima ikawa kama kibuyu kilichotiwa kaa. Nyuma ya madirisha nabandika karatasi laini ili mtu asiione globu yenyewe, aone tu kama kuna watu humo ndani wanakula chakula cha jioni. Globu ni kama punje ya mtama na nyaya zake kama nywele. Nikizichomelea sipumui. Nyaya hushuka mpaka kwenye kibao ambacho meli inakalia, na mawe hukaa humo.

Mzee ana sheria moja. "Rosebella, sitaha usiigandishe. Globu haina ahadi na mtu. Acha paa linyanyuke, ikifa uitoe utie nyingine."

Meli ya Khasandi niliigandisha pande zote. Niliogopa atanyanyua sitaha aimeze globu. Halafu nilikuwa na haraka ya safari, nikachukua globu ndogo iliyobaki mezani, inayotaka jiwe moja, nikaitilia mawili bila kuipima. Ndiyo maana iling'aa mpaka wewe ukasema inamulika hadi ukutani. Ilikuwa inajiunguza. Hata mkileta mawe ya duka zima haitawaka.

Zubeda, anayepaka rangi meza ya pili, aliniona pale chini akauliza kuna nini. Nikamweleza.

"Mtoto amekunyolea matanga na wewe uko hapa unanuka gundi?" akasema. "Nyie watu wa bara, hata kufa mnakufa bila habari."

Nilicheka Mama, na kicheko hakikukaa, kikageuka kilio.

"Zubeda, paka rangi," Mzee akamwambia. Halafu akanigeukia mimi. "Mtoto hakukosea. Aliambiwa penye taa ndipo penye mama. Taa imezima. Hesabu yake ni sawa. Sasa yule aliyempa hesabu..." Hakumaliza, akarudi kwenye randa yake. Ni heri angemaliza.

Sasa hapa nitasema kama mtoto wako, lakini pia kama mama ya mtu. Umeniambia nitume meli nyingine upesi, umwashie jioni, umwambie mama amerudi. Hiyo sitafanya, na nakuomba usiifanye kwa njia yoyote. Leo nikifufuka kwa globu, globu hiyo nayo ikifa atanyoa tena. Mpaka lini?

Bwana Shivachi wa Shieywe, yule dereva wa lori, atakuletea kifurushi pamoja na barua hii. Ndani kuna globu yenye nyaya ndefu. Ngoja iwe mchana, Khasandi awe ameshiba, umkalishe karibu nawe. Chukua kisu ung'oe sitaha ya ile meli. Usiihurumie. Mwache achungulie mpaka aridhike. Ataona hakuna kitanda, hakuna jiko, hakuna mama. Kisha mpe hiyo globu na jiwe moja, nasema moja, aguse waya mwenyewe. Itawaka. Aachie, izime. Aguse tena. Mwache acheze hivyo mpaka achoke, ajue inazimwa na kidole tu na hakuna aliyekufa. Halafu mwambie, hii ndiyo kazi ya mama yako. Anaifanya katika mji unaoitwa Mombasa, ana mikono, ana miguu, na atakuja kwa hiyo miguu.

Kichwa chake kipake mafuta, jua lisimchome.

Ile ingokho, kuku unayesema achinjwe ili kumtolea mtoto mkosi wa kunyolewa bure, sipingi, mila ni mila. Lakini ifungeni kamba iningoje. Mzee amekubali niende mara meli kubwa iliyo mezani itakapotoka. Nataka tuile na obusuma, ugali wa nyumbani, nikiwa nimekaa hapo, Khasandi aniangalie nikitafuna mfupa.

Nisalimie Shikuku na mke wake, mwambie namshukuru kwa yale mawe ingawa yalikwenda bure. Msalimie Mama Mchungaji, aniombee, lakini asitangaze kanisani habari ya wembe. Na watoto wa Senge Muhonja wape pole zangu, niliwakosa kwenye msiba na hilo pia liko moyoni.

Jambo moja limebaki. Krismasi nilifika usiku akiwa amelala, na siku ya kurudi nikaondoka kabla ya mapambazuko akiwa amelala. Tulikubaliana wewe na mimi kwamba ni afadhali, asilie. Mtoto hajawahi kuniona nikija wala nikienda. Asubuhi hiyo aliamka tu akakuta mimi sipo, meli inawaka. Safari hii nitalala Kakamega mjini nikichelewa, lakini nitaingia nyumbani jua likiwa juu, anione tangu kwenye kona ya barabara. Na siku ya kurudi nitaondoka mchana, yeye akiwa macho, nimemshika mkono mpaka langoni. Atalia. Usimbembeleze haraka, Mama, wala usimfungie ndani. Mwache alie, na mimi nimsikie njia nzima mpaka nifike barabarani.

Ni mimi mtoto wako, Rosebella,
mama yake Khasandi.