Nilificha Spika Nyuma ya Pazia, Sasa Jirani Ndiye Anayetakiwa Kuapa

Mpendwa Bi Nerea,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, kwani mimi ni karani na nimezoea kueleza jambo tangu mwanzo wake. Nina miaka ishirini na sita, kwetu ni Chundwa kisiwani Pate, lakini nafanya kazi katika ofisi moja mjini Lamu, na mwaka huu mjomba wangu Amini alinipelekea posa kwa Bwana Ghassan wa mtaa wa Langoni, nikakubaliwa kumwoa binti yake Hadia, na tangu siku hiyo nyumba ile wananiita msomi, na kila kitu chenye maandishi hupewa mimi nisome, kuanzia bili ya stima hadi chupa za dawa.

Mwezi uliopita Bwana Ghassan aliagiza kutoka Mombasa televisheni ya inchi sitini na tano pamoja na hom thieta ya spika tano na besi yake, akaniita akasema, "Ndoo hapa uifunge, wewe umesoma." Bi Nerea, mimi nilisomea utunzaji wa mafaili, sijawahi kufunga hata redio, lakini sikuthubutu kusema, nikafungua kitabu cha maelekezo nikakisoma mara tatu kama wa mtihani. Kitabu kilikuwa na picha ya chumba cha mraba, makochi katikati, na kilisisitiza kwamba spika mbili za nyuma lazima zikae nyuma ya watazamaji. Sasa nyumba zetu za kale vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na wanaume wakikaa ukumbi wa mbele kutazama, migongo yao inakaribia kugusa pazia, na nyuma ya pazia ndiko ndani, wanakokaa Bi Raihana mama wa nyumba, mabinti zake na wageni wao wa kike, na mwanamume asiye wa nyumba hapiti hapo.

Siku hiyo wanawake walikuwa harusini Shela, Bwana Ghassan akatangulia msikitini kwa swala ya alasiri, nami nikakitazama kitabu, nikalitazama pazia, nikapita. Spika zenyewe ni ndogo kama nusu mkate wa boflo, nikazitia kwenye zidaka, vile vijishimo vya ukutani wanamopanga sahani zao za kale, kila moja nyuma ya sahani, waya nikazipitisha chini ya busati, nikatoka. Aliporudi akauliza, "Mbona naona tatu? Mimi nimenunua tano." Nikamwambia mbili zimefichwa kitaalamu. Akafurahi, akasema hiyo ndiyo faida ya elimu.

Ijumaa iliyofuata mchana tulikuwa tumekaa na Bwana Ghassan tukitazama tamthilia moja ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili, na kule ndani Bi Raihana alikuwa na wageni watatu, wamevua mitandio wanatiana hina. Katika tamthilia mwanamume mmoja akaingia nyumbani kwa hawara wake kwa mlango wa nyuma, hatukumwona kwenye kioo, tulisikia nyayo zake tu, kisha akakohoa, akasema, "Usiogope mpenzi, ni mimi." Yote hayo yalitoka kwenye zile spika mbili. Wanawake wakapiga mayowe, sinia likaanguka, na Bwana Ghassan akanigeukia akitabasamu, akasema, "Sikiza mayowe hayo. Utadhani wamo nyumbani." Nami nikaitikia, "Naam, Bwana."

Alipotambua kuwa sauti moja ni ya mkewe, Bi Raihana alikuwa keshapanda darini, juu ya paa, kumsaka aliyeingia, na kwenye dari ya nyumba ya pili alikuwapo jirani yetu Hamdu, fundi wa kupaka chokaa, anaziba ufa. Bi Raihana akasema, "Ndiye. Hata kukohoa ni kwake." Wageni wote watatu wakasema sauti wameitambua, na mmoja akaongeza kuwa alikiona kivuli. Hamdu akasema, "Bi Raihana, nina ndoo ya chokaa mkononi, nipite wapi na ndoo?" Mtu mmoja kule chini ujiani akajibu, "Mwizi wa wake za watu hakosi ndoo." Tangu hapo mke wa Hamdu haitikiwi salamu, watu watatu waliompa Hamdu kazi wamezivunja, na wazee wameamua kuwa Ijumaa hii baada ya swala aape kwa Msahafu mbele ya watu, kisha shauri liende kwa chifu.

Na barua ya mashtaka kwa chifu nimepewa mimi niiandike, kwa sababu nimesoma. Nimeiandika, ina kichwa, nambari ya kumbukumbu na nakala tatu, na katika aya ya pili nimetaja "sauti ya kiume iliyosikika bila idhini". Zile spika za nyuma nimezipunguza kwa rimoti hadi sifuri, nikamwambia Bwana Ghassan mtambo unapumzishwa.

Ofisini nilimdokezea mwenzangu Kemunto, akacheka mpaka akaketi, kisha akaacha kucheka akasema, "Wewe waogopa pazia kuliko unavyomwogopa Mungu." Lakini Kemunto ni mtu wa Kisii, hajui uzito wa pazia la Langoni. Nikisema, basi mimi ndiye mwanamume aliyeingia ndani, na posa imevunjika. Nikinyamaza, Hamdu ataapa na hakuna atakayemwamini. Je, haifai nizitoe spika kimyakimya watu wakiwa msikitini, nisubiri wasahau?

Karani mwenye hofu,
Langoni

BI NEREA ANAJIBU

Karani,

Barua yako imenifikia Jumatatu, nami nimeipitisha mbele ya nyingine zote ili itoke leo Jumatano. Mimi pia ni mtu wa bara, kwa hiyo nilimwomba mwenzangu Shukri, mzaliwa wa Pate, anichoree nyumba zenu. Alipofika kwenye pazia aliweka kalamu chini, akashika kichwa. Usiniambie sijui uzito wake.

Nakuhurumia kidogo. Si rahisi kumwambia baba mkwe mtarajiwa "sijui", hasa baba mkwe anayeamini kwamba anayejua kusoma chupa ya dawa anajua na umeme. Na wale akina mama wanne walioitambua sauti ya mtu aliyerekodiwa studio, ambaye huenda Lamu haijui hata kwenye ramani, wana lao la kujibu. Huyo wa kivuli ningependa anieleze spika ina kivuli cha namna gani.

Huruma yangu imeishia hapo. Kupita pazia ulipita kwa ujinga, ukifuata picha ya chumba cha watu wengine. Lakini barua kwa chifu umeiandika ukweli ukiujua, umekaa kitako, umeutafutia uongo nambari ya kumbukumbu. Usiniambie hiyo ni hofu, kijana. Hofu haitoi nakala tatu.

Unataka uzitoe kimyakimya, yaani upite pazia mara ya pili, safari hii ukijua unachofanya, na utoke na ushahidi pekee alio nao Hamdu. Usiziguse.

Leo ukitoka kazini chana barua hiyo na nakala zake, uende kwa Hamdu kabla ya kwenda kwa mkweo, umweleze mbele ya mkewe. Usibebe zawadi. Akikutukana, ngoja amalize. Usiku huohuo mpigie simu mjomba wako Amini avuke kesho asubuhi. Yeye aliyepeleka posa ndiye atakayekaa nawe ukipeleka aibu. Kwa Bwana Ghassan sema, "Nilipita pazia bila idhini yako, nikaweka spika, na sauti ile ilitoka humo." Usianze na kitabu, wala na mraba. Kisha aingie ndani yeye mwenyewe, wewe ubaki mbele na rimoti, uzirudishe sauti na kuirudia tamthilia ile, akisikie kikohozi kikitoka kwenye sahani za mkewe.

Huenda ukamkosa Hadia, na sitakudanganya kwamba hutamkosa. Lakini naye ana haki ya kujua anaolewa na mtu wa namna gani, na kwa barua uliyoniletea jibu bado si zuri.

Ijumaa, Msahafu utakapoletwa, Hamdu asiuguse. Simama wewe mbele ya watu walewale, taja ulichofanya, na wakitaka kiapo, uape wewe. Kisha keti hapohapo uandike barua ya kumsafisha, wazee wakikutazama, na aya ya pili ianze kwa jina lako kamili.