Taa Zetu na Saa ya Bendera

Jumatatu, siku ya kwanza ya mwaka wa shule. Asubuhi kulikuwa na baridi kidogo, mchana jua likawa kali, na vumbi la Septemba limeingia mpaka kwenye sukari. Sina furaha wala huzuni. Nimechoka tu, na nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya.

Leo wajumbe wa mairie, ofisi ya meya, walikuja kuona taa zetu.

Kampuni ninayofanyia kazi imefunga taa za barabarani zenye kamera kwenye njia panda moja ya kwenda mtaa wa Hewa Bora, mbele ya shule ya msingi. Asubuhi magari ya wazazi, teksi-basi, pikipiki na watoto wanaotembea kwa miguu wote hutaka kupita pale kwa wakati mmoja. Askari wa roulage hupuliza filimbi mpaka anakata tamaa. Sasa kamera inautazama mstari wa magari. Ukiwa mrefu na hausogei, taa ya kijani inaongezewa muda. Watoto wana taa yao, inayowaka mstari ukishapungua. Programu hiyo niliiandika mimi. Tuliijaribu likizo nzima, ikafanya kazi vizuri, nami nikajisifu mpaka nyumbani wakanichoka.

Wajumbe wakiridhika, taa zinabaki. Wasiporidhika, tunang'oa nguzo. Kwa ofisi yetu hilo ni suala la mkataba. Kwa mdogo wangu ni suala la Gloire, binti yake, ambaye ameingia darasa la pili na huvuka pale peke yake, kwa kuwa saa hiyo yeye mama yake yuko sokoni tayari. Mwaka jana alikuwa akivuka kwa kushika shati la mtoto yeyote mkubwa aliyemwona.

Basi, saa ya kupandisha bendera ikafika.

Msomaji wa hapa Lubumbashi ameshaelewa nilichosahau.

Kwa wengine: bendera ikipanda asubuhi, filimbi inalia na kila kitu karibu na mlingoti kinasimama. Dereva anashuka. Mwenye pikipiki anazima injini. Mama mwenye beseni la mikate anatulia na beseni lake kichwani. Hakuna anayesogea hadi wimbo uishe. Nimesimama hivyo tangu nilipovaa bluu-nyeupe ya shule kwa mara ya kwanza, na haijawahi kunijia kwamba hilo nalo ni jambo la barabarani. Likizo shule ilikuwa imefungwa, bendera haikupanda, na mimi sikuwa na habari.

Tukasimama. Wajumbe mbele, chef wangu, mkubwa wa kazi, kando yao, mimi nyuma, sote tumeelekea mlingoti. Nyuma yetu taa ya magari iliwaka kijani na hakuna gari lililosogea. Kamera ikaona mstari mrefu uliokwama. Ikafanya nilivyoifundisha: ikaongeza kijani, ikaongeza tena, na watoto wa ng'ambo ya barabara wakabaki na nyekundu yao.

Wimbo ukaisha. Madereva wakarukia magari, kijani bado kinawaka. Kengele ya shule ikalia, na geti pale hufungwa baada ya kengele. Watoto wakaitazama taa, wakalitazama geti, wakakimbia.

Niligeuka kwa sababu ya breki. Teksi-basi ilikuwa imesimama kimshazari, na mbele yake, karibu kabisa, Gloire na mkoba wake wa njano. Hakuguswa. Dereva alifuta uso kwa kiganja, akasubiri watoto wapite, kisha akaondoka. Nikaegemea nguzo ya taa yangu mwenyewe.

Nilimfikisha Gloire getini. Akaniambia, kama mtu anayejitetea:

“Mama mukubwa, siye tulingoya. Feu yetu haikuwaka.”

Niliona aibu. Kweli walikuwa wamengoja, na taa yao, hiyo feu, haikuwaka kwa sababu yangu.

Wajumbe muda huo walikuwa wameipa barabara mgongo, wakipeana mikono na mkuu wa shule. Walipogeuka, waliona magari yanapita moja baada ya jingine bila honi wala kelele. Kiongozi wao, mama mmoja mpole, aliitikia kwa kichwa akasema neno moja la Kifaransa: « Fluide », yaani inatiririka.

Garini nilimweleza chef kila kitu. Aliuliza kwanza kama mtoto ni mzima. Nikasema ni mzima.

“Basi, tengeneza pole pole,” akasema. “Usibaambie kintu. Balisha kufurahi.”

Wajumbe wameshafurahi, basi ninyamaze. Si mtu mbaya. Mishahara yetu sote iko kwenye mkataba ule. Na programu inatengenezeka, nimeitengeneza jioni hii. Ila kama nimesahau bendera, ambayo naiona kila siku, nimesahau nini kingine? Misafara ya kwenda makaburini, magari yakiwa na matawi mbele? Mairie wakisaini kwa walichokiona leo, hakuna atakayerudi kuangalia.

Mdogo wangu nilimweleza pia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kesho feu itakuwa pale. Nikasema itakuwa. Ya wiki ijayo sijui.

Nimemwandikia yule mama wa mairie. Nimemweleza yote na kumwomba arudi kesho asubuhi. Chef nimempa nakala. Naona ameisoma, hajajibu.

Kesho filimbi ikilia, kila upande utakuwa mwekundu, na wimbo ukiisha, taa ya kwanza kuwaka itakuwa ya watoto. Ndivyo nilivyoandika. Nilichoandika likizo nacho nilikiamini. Kwa hiyo bendera ikipanda nitasimama wima kama wengine, ila nitaipa mgongo, macho yangu barabarani. Askari akinikamata kwa kukosa heshima, nitamwambia nilikuwa namwangalia Gloire.