Wimbo wa Nne Hauna Kitu

Endasak,
9 Machi 2025

Mwanangu Joakimu,

Marahaba. Nimeitikia hata kabla ya kufungua bahasha, maana najua umeanza na shikamoo, nilikulea mwenyewe. Habari za Arusha? Kifua chako je, na hiyo baridi? Sisi huku wazima. Mguu wangu umepona, yule ng'ombe mwekundu amezaa jike, na mlima umejifunika mawingu tangu juzi. Mahindi yangu yamewahi kuliko ya jirani yetu Philomena. Sijamwambia, lakini shamba analiona.

Memori kadi uliyompa kondakta imefika. Alinikabidhi pale stendi mbele za watu, akasema, "Mama, mzigo wako kutoka kwa fundi." Nikamwomba arudie, na wale wa bodaboda nao wasikie vizuri.

Sasa nieleze, hiki ni kitu gani? Nimekichomeka kwenye sabufa uliyonitengenezea, ambayo Endasak nzima haina mwenzake, hata ile ya baa ya stendi inaionea aibu. Nikangoja kwaya. Nikangoja mtu aanze kuimba. Badala yake, du! du! du! kama mtu anabomoa ghala. Nikajua sabufa imekufa. Nikakagua nyaya, nikazima, nikawasha. Du! du! du!

Halafu ukaja wimbo wa pili. Mkono wangu ulikuwa juu ya sabufa, nikauacha hapo hapo mpaka ukaisha. Joakimu, ile ni mashine ya kusaga. Ya dizeli, kama ile yetu ya zamani kabla ya umeme. Mkanda wake umelegea na anayeiendesha ni mvivu, lakini mimi hunidanganyi. Ni ya wapi? Nani aliirekodi, na kwa faida gani?

Niliurudia na kuurudia. Ilikuwa Jumapili mchana, mlango wazi. Mara nawaona akina mama wawili wa kule juu wanaingia uani na madebe ya mahindi kichwani, jasho linatiririka. "Mama Joakimu, tumesikia umeifufua mashine ya marehemu!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao hawakucheka, wametoka mbali. Nikawapa uji.

Uniandikie, usipige. Hata hii simu mpya uliyoninunulia, mtandao wa huku unaujua mwenyewe.

Mimi mama yako,
mwenye sabufa

*

Arusha,
20 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu umepona na kwamba tumepata ndama jike. Mimi mzima, kifua kimetulia, dukani kazi zipo.

Ile si mashine ya kusaga, mama. Ni muziki, usinicheke. Nilinunua boksi la redio kaseti mbovu, mtumba wa Ulaya, nikitafuta vipuri. Ndani ya moja nikakuta kaseti imeandikwa kwa kalamu, Kijerumani, mwaka 1984. Jina la mtu hakuna. Nikaingia mtandaoni kutafuta. Kumbe miaka ile kulikuwa na vijana wa Ulaya wanaingia kwenye viwanda vilivyofungwa, wanagonga mapipa, wanakwaruza vyuma, wanawasha drili, na yote hayo wanayarekodi. Kisha wananakili kaseti chache nyumbani na kutumiana kwa posta. Walikuwa wanasema kiwanda nacho kina wimbo wake, ila baba zao walikuwa wamechoka mno, hawakuweza kuusikiliza. Wengine wamejulikana baadaye. Hawa wangu sijawakuta popote. Huenda duniani tumebaki mimi na wewe tunaowasikiliza.

Nimekutumia kwa sababu wimbo wa pili ulipoanza hapa dukani, nilisikia harufu ya unga wa moto. Nikasema huu lazima mama ausikie.

Kuna jambo lingine, mama. Nikikupigia nakuamkia, wewe unaniambia ng'ombe wamekunywa maji. Mwezi wa kwanza nilikuamkia mara tatu. Hukuitikia hata moja, ukakata simu. Kwenye karatasi unaniitikia, kwa mdomo huniitikii. Kama ni hasira kwamba niliacha kupiga kinanda cha kanisani nikaja mjini, niambie nijue. Mtu ambaye mama yake hamwitikii shikamoo ana nini tena?

Mwanao,
Joakimu

*

Endasak,
6 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo ni tatu za mwezi wa kwanza, tumemalizana.

Natumaini u mzima na unakula. Kinanda nani ana hasira nacho? Mwalimu Agustino wa kwaya amepata kijana mwingine, anabonyeza kama anafukuza kuku. Mimi kila Jumapili namwangalia vidole, nasikitika, najisemea wangu alikuwa anateleza.

Sasa tuzungumze mambo ya maana. Nimewaalika watu waje kusikiliza. Usishangae, mambo ya Ulaya hayaji Endasak kila siku. Philomena alikaa na mikono kifuani, akasema, "Huu ni muziki wa watu wasiokuwa na ng'ombe wa kukamua." Nikamwambia wewe mambo ya kiwanda utayajulia wapi. Mwalimu Agustino alihesabu kwa kidole, akashindwa, akasema hakuna hata noti moja. Nikamwambia ndio uzuri wake, hakuna wa kukosea! Wakanywa chai yangu wakaondoka. Ila nilimwona Agustino njiani, kidole bado kinahesabu.

Nami nina maswali. Hao vijana walikuwa wanakula nini? Mama zao walisemaje wakirudi nyumbani na mapipa? Kuna aliyepata kuoa? Na kwenye kiwanda kilichofungwa, umeme wa hiyo drili walitoa wapi? Ulizia.

Nakupa maoni yangu, uyaandike kama kuna mahali panapoandikwa. Wa kwanza ni wa kugonga, mzuri ukiwa na hasira. Wa pili ni wetu. Wa tatu ndio mkubwa, unapandia miguuni kama lori la mchanga linapita nje. Ila wa nne hauna kitu. Nimengoja mpaka mwisho, kimya kitupu. Kadi yako imeharibika hapo, fundi gani wewe? Nirekodie upya.

Mama yako

*

Arusha,
15 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Itakuwa fupi.

Wimbo wa nne una kitu. Nimeusikiliza tena kwenye kompyuta na kwenye kaseti yenyewe, na kadi yako niliijaribu kabla ya kumpa kondakta. Ni mwanamke anasoma namba kwa sauti nyembamba kali, mwanzo mpaka mwisho, na nyuma yake kuna kitu kama glasi inasuguliwa. Katika nyimbo zote nne ndio unaoumiza masikio. Samira wa duka la pili alikuja kunigombeza, akasema wateja wake wanakimbia.

Mama, tangu lini husikii?

Siulizi kwa ubaya. Jogoo unamsikia? Kengele ya kanisa je? Mimi?

Mwanao,
Joakimu

*

Endasak,
29 Juni 2025

Mwanangu Joakimu,

Marahaba. Ya barua ile, na ya zile mbili ulizoleta baadaye. Sikuugua, tumeshavuna maharage, ndama amenenepa. Nilikuwa na hasira na hao Wajerumani wako. Jambo nimelificha miaka, Philomena hajui, padri hajui, na wao wamekuja kulifichua kwa wimbo mmoja!

Ilianza kidogo kidogo, baba yako akiwa hai. Unaikumbuka mashine yetu. Nilisimama kando yake miaka yote ile, yeye akishika injini, mimi nikimwaga mahindi. Na lile kopo alilolifunga kwenye bomba la moshi ili mashine ilie, watu wa mbali wajue ya baba yako Bura inasaga. Walijua kweli, walikuja hadi wa kule mlimani. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Ndege walianza kuondoka masikioni mwangu. Ikafuata kengele, kisha sauti za watoto. Watu wazima nawasoma midomoni. Philomena ana mdomo mkubwa, huyo hanipotei. Lakini simu haina mdomo wa kuutazama.

Shikamoo yako sikuikataa, mwanangu. Haikunifikia. Nilikuwa naona simu inawaka jina lako, naiweka sikioni, naongea habari za ng'ombe ili wewe angalau unisikie mimi. Nikiona nimeongea vya kutosha, nakata, usije ukaniuliza kitu.

Kwa nini sikusema? Ungefunga duka ukarudi, nami nilishatangaza mpaka Katesh kwamba mwanangu ana duka Arusha. Halafu kiziwi huku wanamsemesha kama mtoto. Bibi yako mzaa baba walimfanyia hivyo mbele yangu, akawa anatabasamu tu. Mimi si mtu wa kutabasamu tu.

Ila nikuambie, ule wimbo wa pili nausikia. Kwa mikono, kwa kifua, na sikio la kushoto linachangia kidogo. Kwaya imeniacha siku nyingi, kumbe kuna muziki ulikuwa umebaki. Je, hao vijana nao walikuwa viziwi? Hilo swali nalijali kuliko yote.

Mama yako

*

Arusha,
8 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kwamba umeniambia. Sicheki, na duka sifungi. Mwezi wa nane nakuja, twende hospitali wakupime masikio. Hapo sikuombi, nakuarifu.

Kama walikuwa viziwi sijui. Ila nimeanza kuwasikiliza kana kwamba walikuwa.

Ndani ya bahasha kuna kadi nyingine, ina kitu kimoja tu. Nimekitengeneza mwenyewe kwa njia yao, nimegonga mapipa na mabati nyuma ya duka, Samira amenuna. Weka sabufa mezani, uiegemee, mikono yote miwili juu. Kilichomo sikiandiki hapa. Na mlango ufunge, wasije tena na madebe.

Mwanao,
Joakimu

*

Endasak,
20 Julai 2025

Joakimu mwanangu,

Leo sianzi na salamu, utaona sababu.

Nilifanya ulivyosema, isipokuwa mlango. Kazi ya mwanangu siifungii ndani.

Mwanzo ni mashine. Mkanda umeukaza safari hii, naona maneno yangu umeyashika, na kopo la baba yako umeliweka mahali pake. Nikatulia. Kisha mashine ikashuka, na chini yake kikaja kitu kizito, kinakwenda polepole, kama dume la ng'ombe linaongea ndani ya shimo. Mara ya kwanza sikuelewa. Nikakirudisha, nikajua kina vipande vitatu, cha mwisho kirefu. Nikaondoa mikono, nikalaza shavu. Mdomo wangu ukaanza kukifuata wenyewe, akili iko nyuma.

Shi. Ka. Moo.

Nikaitikia, Joakimu. Kwa sauti! Philomena alikuja mbio na mwiko mkononi, akasimama mbele yangu. "Nani amekuamkia, mbona uko peke yako?"

"Mwanangu," nikamwambia.

"Yuko wapi?"

"Arusha."

Akaangalia sabufa, akaniangalia mimi. Nikaona yaishe, nikamwambia habari ya masikio. Akaweka mwiko mezani. "Mama Joakimu, mimi nimejua tangu mwaka juzi. Unafikiri watu wengine huwa nawafunulia mdomo hivi? Mataya yananiuma kwa ajili yako." Kumbe mdomo wake ni wa kawaida tu. Nikamkalisha hapo hapo na mkono wake juu ya sabufa, akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema habari za kukamua.

Mwezi wa nane njoo, hospitali tutakwenda. Nitavaa kitenge kipya, wajue anayepimwa ni nani.

Wimbo wako unarudi wenyewe mwanzo, bado unaniamkia, nami kila ukifika hapo siwezi kukaa kimya, mtu huitikia. Nimeitikia mpaka ndama ameinua kichwa. Kama huko Arusha hukusikia kitu, basi siku hiyo tutapimwa wote wawili.

Marahaba,
mama yako