Jogoo Uliyemleta Shuleni Kuwa Shahidi

Baba mpendwa,

Jana nilichinja kuku, nikamtoa mapafu kwa kidole gumba ulivyonifundisha, maana yamenata kwenye mbavu na hayatoki kwa kubembelezwa. Nikakuona tena akilini, kule Ruiru, katika jiko la yule mzungu wa kahawa uliyempikia, na aproni yako. "Ona, maitu, hii mapafu haifuri. Ni hii mifuko ya hewa inafura." Uliniita maitu, yaani mama, kwa sababu nilibeba jina la mama yako.

Basi mdomo ukaniponza. Mwalimu wetu wa shule ya bweni kule Thika aliposema mapafu ya ndege hufura kama yetu, nikambishia mbele ya darasa. Akanifukuza hadi niombe msamaha. Nilijua utanichapa. Badala yake ukamwomba mzungu pasi, maana siku zile za Hali ya Hatari mtu hakutoka Ruiru bila karatasi, tukashika njia na jogoo kikapuni.

"Hii kuku ni ya nini?" askari wa kizuizi cha barabarani akauliza.

"Ni shahidi, afande."

Hata yeye alicheka.

Ulimchinja jogoo nyuma ya darasa, mwalimu akitazama, ukampasua polepole usitoboe kitu, ukatia bua la jani la mpapai kooni, ukapuliza. Mifuko myembamba ikafura hadi tumboni. Mapafu yakatulia palepale. Kisha ukakata mfupa wa bawa, ukaweka unyoya mbele ya tundu lake, ukapuliza tena kwenye bua. Hewa ikatokea mfupani, unyoya ukaruka.

"Hebu rudia, mzee," mwalimu akasema, sasa amepiga magoti.

Ulirudia mara tatu, ukikohoa kila mara, kwa kuwa moshi wa kuni ulikuwa umekula kifua chako. Mwalimu akaniambia niingie darasani. Shahidi akaishia kwenye sufuria ya mwalimu.

Siku hizi nafundisha wasichana somo lilelile. Nawaambia hewa ya ndege huenda kwanza mifuko ya nyuma, kisha husukumwa kupitia mapafu kuelekea mbele, njia moja tu, wala hairudi ilikotoka. Wakiuliza nilijulia wapi, nasema kwa mpishi.

Lakini siku ile sikukushukuru. Nilionea haya kikohozi chako na aproni yako, Mungu anisamehe, na ulipoondoka sikukusindikiza hata hadi langoni. Asante, Baba. Pumzi zilikuwa chache kifuani mwako, ukazitumia kunirudisha shule.

Binti yako,
uliyemwita maitu